Mjukuu Mwenye Haraka

Kwenye foleni ya maji hapa Newala, ninapouza vitumbua tangu nilipoacha shule, bibi mmoja alimsimanga mke wa mwanawe: “Dar es Salaam imekuharibu. Hata ndoo hujitwishi?”

Yule dada, aliyehangaika kupata mtoto miaka mingi, akashika tumbo. “Mama, madaktari wa huko wamenipandikizia mimba changa waliyoitunga maabara. Wamechagua iliyokua haraka kuliko zingine, wanasema hiyo ina nafasi kubwa ya kushika. Bado hatujui kama imeshika.”

“Haraka?” Bibi akamkagua. “Basi hakumfuata baba yake. Yule hata kutembea alichelewa!”

Foleni nzima ikacheka. Bibi akajitwisha ile ndoo, akamwambia mkwewe atangulie polepole.

Daktari bado anasubiri majibu ya vipimo. Bibi ameshaanza kumsifia mjukuu wake.