Mwanafunzi Aliyekosea Kila Siku

Mwezi wa tatu tangu nimzike mke wangu Kabula, mama wa miaka kama sitini alipiga hodi kwangu Isevya, hapa Tabora, na daftari jipya mkononi.

"Mwalimu Lugembe, nataka tuisheni ya Kiingereza."

Nilidhani ananitania. Nilishastaafu, halafu sikuwa na hamu na mtu. Matanga yalipoanuliwa watu walisepa wote, nikabaki mimi na kuta. Ugali wa mtu mmoja haupikiki, jamani. Nilikuwa nalala na chai kavu.

"Kiingereza cha nini, mama?"

"Saa na siku zinanichanganya. Sijui wapi niseme at, wapi on, wapi in."

Aliitwa Theodora, mjane, kahamia mtaa wa pili kutoka Nzega. Tukakubaliana saa kumi jioni, barazani, watu wote wakituona.

Nikamfundisha: saa ni at, siku ni on, mwezi na mwaka ni in. Akaandika, "I go to church at Sunday."

"On Sunday, mama!"

Kesho yake akaandika, "in Sunday." Miezi miwili ikakatika, kitu hakiingii! Siku moja nilifoka mpaka nikaangua kicheko. Nilikuwa sijacheka tangu msiba.

Nikaanza kunyoa ndevu. Ikifika saa tisa, nabandika chai ya watu wawili.

Jumamosi moja tulikuwa sokoni tunachagua karanga. Jamaa mmoja wa makamo, kavaa tai, akasimama ghafla.

"Shikamoo, madam!"

"Marahaba, Dionis."

Jamaa akanigeukia. "Mzee, huyu katufundisha Kiingereza sekondari miaka minne. Ukikosea at na on, unafagia uwanja mzima!"

Akaaga, akaenda zake. Theodora aliinamia karanga, hanitazami.

"Kwa nini, mama?"

"Nilipofiwa, mwaka mzima hakuna aliyekuja kukaa nami. Nikasikia na wewe uko hivyo. Ila mjane kwenda kwa mgane mikono mitupu, mtaa ungenimaliza. Mwanafunzi nani atamsema?"

Mzee mzima nililia pale pale, mbele ya wauza karanga.

"Kesho njoo," nikamwambia. "Na ukosee."

Wewe unayesoma hapa, kama jirani yako kafiwa, usingoje akuite. Tafuta kisingizio, hata cha kijinga, ukakae naye.