Aliyemsemea Marwa

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya ualimu, Mwalimu Mkuu wa shule ya viziwi, karibu na Rodi Kopany, alinipokea mlangoni akanitazama mikono kabla ya kunitazama uso. "Nyathina," akaniambia, yaani mwanangu, "hapa mikono itachoka kabla ya miguu. Kama unaona haya kukunja uso mbele ya watu, rudi kwenu leo." Nilikuwa na haya nyingi, lakini nilikuwa mkaidi zaidi. Nikabaki.

Lugha ya ishara si kuchezacheza mikono, kama wengi walivyodhani wakati ule. Ina maneno yake na mpangilio wake, na uso hufanya nusu ya kazi: nyusi zikipanda, sentensi imegeuka swali. Walionifundisha hasa ni wanafunzi wenyewe, na walinicheka bila huruma. Mmoja wao alikuwa Marwa, kijana wa Kikuria kutoka Ntimaru aliyefiwa na baba. Alipomaliza shule alifungua kazi ya ushonaji Kehancha.

Miaka ya tisini ilipoanza nilihamishiwa Migori, chini ya Afisa wa Tathmini, mama mrefu mwenye sauti ya chini. Kazi yake ilikuwa kuwapima watoto wenye ulemavu na kuwatafutia shule. Mimi alinifanya mkalimani wake. Kanuni yake ya kwanza ilinisumbua sana: kiziwi akisema "mimi nina njaa," mkalimani naye atamke "mimi nina njaa," wala asiseme "anasema ana njaa."

"Ukisema 'anasema,' ushamtoa nje ya chumba, Madam," alinieleza. "Mwache aongee mwenyewe. Wewe ni koo tu."

Nimefanya kazi chini ya wakubwa wengi. Huyo ndiye niliyetamani kufanana naye.

Wakati huo nchi ilikuwa na mjadala mkali juu ya kanuni za kimataifa za haki za walemavu. Pamoja na mengine, zilitaka ofisi za umma zimpe kiziwi mkalimani. Je, serikali izikubali? Wanasiasa walivutana huko Nairobi, na huku kwetu madiwani na wazee wakaitwa kwenye ukumbi mmoja Kehancha ili watoe msimamo wa eneo. Afisa wa Tathmini alinituma niende na Marwa.

Marwa alikuwa na sababu ya kwenda. Baba yake alimwachia shamba Ntimaru, na baba yake mdogo akalidai. Wazee wa mashamba walipoketi kuamua, walifuata desturi: kiziwi husemewa na mkubwa wa ukoo wake. Mkubwa wa ukoo alikuwa baba mdogo huyohuyo. Marwa alikuwa ameketi palepale, na asijue kilichosemwa. Alikuja kujua kwamba ameshindwa alipoona ng'ombe wa kulimia wakiingizwa shambani mwake.

Ukumbini diwani mmoja, mpenda makofi, alisimama. "Hii maneno ni ya wazungu," akasema. "Sisi tuko na mila. Bubu ako na watu wake wa kumsemea. Sasa mnataka kila ofisi iandike mtu wa kupepea mikono?"

Makofi akayapata. Diwani mwingine, mama muuza nafaka, akamjibu akiwa ameketi: "Wewe ngoja masikio yako izeeke, tutakutafutia ndugu wa kukusemea."

Mwenyekiti alipomruhusu Marwa, nilisimama kando yake. Akainua mikono, nami nikatamka: "Mimi ni kiziwi tangu utotoni."

Ukumbi mzima uliangua kicheko. "Madam, umekuwa kiziwi lini?" mtu akauliza kutoka nyuma. "Si tumeongea na wewe saa hii hapo nje?"

Uso uliniwaka. Neno "anasema" lilikuwa limeshanifika mdomoni. Nikalimeza, nikaendelea kumfuata Marwa. "Baba yangu alinizaa peke yangu. Shamba lake ni langu. Siku ya kesi nilisemewa, na aliyenisemea ndiye analima shamba langu leo. Siombi huruma. Naomba nisikilizwe kabla ya kuamuliwa."

Kicheko kilikatika, na watu wakaacha kunitazama mimi. Katika viti vya mbele akainuka mzee aliyekuwa mwenyekiti wa wazee wa mashamba, kofia mkononi. "Hii kesi niliamua mimi," akasema. "Na huyu kijana sijawahi kumsikia mpaka leo." Kisha akaketi.

Madiwani waliamua kuingoja Nairobi, na Nairobi nayo ilikuwa ikingoja sijui nani. Niliumia sana. Lakini mzee yule hakungoja mtu. Aliiita kesi upya, akaniita mimi nikalimani, na hakuna kanuni ya nje wala ya ndani iliyomlazimisha. Mtu mwenye mvi kukiri mbele ya watu kwamba aliamua bila kusikia si jambo dogo. Namvulia kofia hadi leo.

Sasa nimestaafu. Nchi yetu baadaye ilikubali mkataba wa haki za watu wenye ulemavu, na vijana wakalimani wana vyeti na wanaonekana kwenye televisheni. Nawaonea fahari, na wivu kidogo pia. Huniuliza kama kazi yetu ya zamani ilikuwa na maana, maana hatukuwa na sheria mkononi. Huwa nawasimulia siku ya kesi ile ya pili.

Baba mdogo alifoka mpaka sauti ikamkauka. Majirani wakaonyesha mpaka. Jioni mzee akatamka uamuzi, nami nikamgeukia Marwa, nikamwambia kwa ishara: "Shamba ni lako."

Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akaniomba tena, nikarudia tena, polepole zaidi, nikidhani nimekosea ishara. Kumbe alikuwa ameelewa tangu mara ya kwanza. Alitaka tu kuendelea kuambiwa.