Sare ya Kanti na Mkewe

Kanti alikuwa na kiu moja tu: kuitwa Mwenyekiti. Aliondoka Unguja baada ya Mapinduzi akiwa karani, akakata tiketi za treni London miaka ishirini, na hakuna aliyewahi kumchagua kwa lolote. Chama chetu cha watu wa Afrika Mashariki kilipotafuta mwenyekiti, alikuja na kitabu cha historia ya Marekani alichokinunua sokoni Walthamstow, akatutaka tufuate uchaguzi wao wa mwaka 1800. Kurasa zilizofuata zilikuwa zimenyofoka, kwa hiyo hakujua kwamba Wamarekani wenyewe waliutupa utaratibu ule baada ya miaka michache. Nasi, wajinga ndio waliwao, tukapiga makofi.

Wajumbe tisa, wagombea wasiwemo, kila mmoja aandike majina mawili. Wa kwanza kwa kura awe mwenyekiti, wa pili makamu. Kanti alimsimamisha mkewe, Pushpa, awe makamu wake. Ili wasilingane, alimwomba Harish wa Thornton Heath aliache jina la Pushpa. Lakini kabla ya kura, Pushpa akapitisha sahani ya kachori.

"Nimnyime kura mtu ambaye kachori yake bado iko mdomoni?" Harish alininong'oneza. "I can't, Sister Jane."

Tisa kwa tisa.

Kitabu kilisema sare ikitokea, kila jimbo lipige kura moja. Sisi majimbo yetu yalikuwa matatu, yaani matawi ya chama mitaani London. Thornton Heath wakampa Kanti. Sisi wa Edmonton tukampa Pushpa, maana yeye hafokei watu. Walthamstow ilikuwa na wanachama wawili tu: Kanti na Pushpa. Mmoja huku, mmoja kule, kura ya jimbo ikaharibika. Tukarudia. Ikaharibika. Mara thelathini na tano, jamani! Nilitoka zamu ya wodini asubuhi ile, miguu imevimba, na bado nahesabu karatasi mbili.

Sababu niliijua. Chamani kwetu kujipigia kura ni aibu. Kanti aliandika Pushpa, Pushpa aliandika Kanti, kwa adabu kabisa.

"Mama Vijay, umemwandika nani?" Kanti aliuliza kila raundi.

"Wewe. Nani mwingine?"

"Vizuri. Endelea hivyo hivyo."

Raundi ya thelathini na sita, Pushpa alikaa na kalamu muda mrefu. Nikafungua karatasi ya kwanza: Pushpa. Nikafungua ya pili: Pushpa.

"Hesabu tena," Kanti alisema.

Nikahesabu tena. Zilikuwa mbili.

Pushpa akasimama. "Baba Vijay, tangu tuoane naandika jina lako. Leo nimeandika langu."

Kanti alizichukua zile karatasi, akazitazama moja baada ya nyingine. Nilimhurumia, kweli. Alitaka kupinga. Apinge nini? Moja ilikuwa na mwandiko wake.