Kinyozi Profesa na Fyucha Zake

Kinyozi wetu hakumaliza sekondari, lakini tulimwita Profesa, kwa sababu ukikaa kwenye kiti chake huinuki bila kufundishwa. Zamani alifundisha mpira na siasa. Tangu alipopata faida ya mara moja kwenye sarafu za mtandaoni, faida iliyotosha kioo kipya na kiburi cha kubakisha, somo likawa moja tu: fyucha.

"Kununua sarafu yenyewe ni ushamba," aliniambia asubuhi moja, mashine ikinguruma sikioni mwangu. "Kwenye fyucha hununui kitu. Unabashiri tu, bei itapanda au itashuka. Unaweka kumi, kampuni inalikuza dau mara hamsini, unacheza na mia tano!"

"Na ukikosea?"

"Bei ikienda kinyume kidogo tu, asilimia mbili hivi, wanaibeba kumi yako yote. Lakini nani kakwambia itakwenda kinyume?"

Hatari yote alikuwa ameieleza sawasawa, kwa mdomo wake mwenyewe. Kisha akaipangusa kama nywele za shingoni.

Mkewe ni msusi. Kwa miaka amesukia wateja sebuleni kwake, kati ya ndoo na kitanda cha watoto, akidunduliza ili apange chumba cha kusukia kilicho jirani na duka la kinyozi la mumewe. Akiba aliiweka kwenye simu ya mumewe kwa sababu alimwamini, na mimi hapo nashindwa kucheka. Mwenye nyumba alishakubali. Ilibaki kulipa tu.

Nikiwa nimenyolewa nusu ya kichwa, simu ya Profesa ikalia. Bei aliyobashiri kwamba itapanda ilikuwa inaporomoka, na kampuni ilimwonya: ongeza pesa au tunalifunga dau lako. Mtu mwingine angeikubali hasara ndogo akaenda zake. Lakini huyu ni kinyozi. Kazi yake imemzoesha kuamini kwamba chochote kikikatwa vibaya kitaota. Ndevu zangu ameziharibu mara nyingi, na kila mara jibu ni hilohilo: "Usijali mzee, zinarudi." Hasara nayo akaitazama kwa jicho hilo.

"Zinarudi," akasema, kidole kikitafuta akiba.

"Profesa, hizo si za shemeji?"

"Nazikuza kidogo tu. Jioni atanishukuru mwenyewe."

Akabonyeza. Pesa za chumba zikaingia zote, na bei, isiyomjua Profesa wala mkewe, ikaendelea kushuka. Upande wa pili wa kichwa changu haujaguswa bado, ujumbe ukafika, mfupi na wenye adabu: dau limefungwa, salio sifuri. Wanasema kinyozi hajinyoi. Huyu alijinyoa, na kipara akapewa mkewe.

Profesa alikuwa ameangukia benchi la wateja, mashine ikinguruma mkononi bila kichwa cha kunyoa, mkewe alipoingia na fundi rangi.

"Baba watoto, nitolee ile pesa. Mwenye nyumba yuko nje na ufunguo."

Profesa, mwenye jibu la kila swali duniani, akamnyooshea simu. Mkewe akasoma, akarudia kusoma. Nilitamani amtukane, walau mara moja, lakini alimwomba radhi fundi rangi, akatoka nje, na tukamsikia akisema, "Mpe mwingine, baba. Mimi sina tena."

Aliporudi aliketi penye mwanga akaanza kupigia wateja simu. Alikuwa amepokea kazi ya harusi, bi harusi na wasindikizaji wake, na sebuleni kwake hawaenei.

"Samahani mwanangu, tafuteni msusi mwingine. Hapana, siumwi. Ni chumba tu, kimeshindikana."

Mimi, kichwa nusu kipara nusu msitu, nikajipangusa mwenyewe nywele za shingoni. Ndipo Profesa akaruka kutoka kwenye benchi, macho kwenye simu, uso umemeremeta.

"Imepanda! Mama watoto, imepanda! Si nilisema? Imepita hata pale nilipobashiri!"

Kweli ilikuwa imepanda. Profesa hakukosea hata kidogo, ila pesa zilikuwa zimeshaondoka.

Mkewe akaziba simu kwa kiganja.

"Basi iambie ije kumsuka bi harusi," akasema, akaendelea kuomba radhi.