Gari la Rangi ya Kijini

Kwenye kiwanda cha uchapaji walimwita Nukta, na si kwa sababu alikuwa mfupi. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa msomaji prufu, yaani mtu anayelipwa kusoma vitabu vya wenzake kabla havijachapwa na kuonyesha kwa kalamu nyekundu walikokosea. Meza yake ilikuwa nyuma ya chumba cha kukatia karatasi, chini ya taa yenye shingo iliyopinda, mbele ya dirisha lililotazama ukuta. Dirisha lile lilimfaa. Halikuwa na kitu cha kusoma.

Sifa aliipata kwa kitabu cha ufugaji. Mashine ilikuwa imeshaanza kunguruma alipotoka mbio na kuamuru izimwe, kwa kuwa ukurasa wa arobaini ulimshauri mfugaji amlishe kaka pumba mara mbili kwa siku na kumchinja akifikisha kilo mbili. Kuku akarudishiwa irabu zake. Nukta akaandikiwa barua ya pongezi, ambayo aliirudisha kwa meneja ikiwa na masahihisho mawili.

Mke wake alikuwa Mwalimu. Mtaa mzima ulimwita hivyo na mumewe pia, hata walipokuwa wawili tu. Kazi yake ya kwanza, akiwa na miaka ishirini na miwili, ilikuwa katika shule ndogo kwenye ukingo wa nyanda za juu, mahali ambapo nyumbani kwao paliitwa Juu, basi. Huko, wakati wa mapumziko ya asubuhi, mawingu hulala chini ya uwanja wa shule, na watoto hurusha mawe ndani yake, kisha hunyamaza wasikie kama yataanguka. Mwalimu alishuka baada ya miaka minne, amekaa juu ya lori la mbao, akaja kuolewa. Hakurudi tena. Kila mwaka kulikuwa na mtoto wa kunyonyesha, au ada, au mvua. Mpango ukawa kwamba Nukta akistaafu watanunua gari linaloweza kupanda milima, watie nyuma godoro, jiko dogo na mablanketi mawili, waende pole pole, walale watakapopenda. Mpango huo ulikaa ndani ya ndoa yao kama kabati la ukutani: hakuna aliyeufungua, na hakuna aliyefikiria kuuondoa.

Miezi miwili baada ya Nukta kustaafu, daktari wa macho alimwambia Mwalimu kwamba ana presha ya macho na kwamba imeshafika mbali. Dawa zingeichelewesha, zisingeizuia.

"Mwaka mmoja," alisema. "Labda na nusu. Mama, kama kuna kitu unataka kukiona, usikiweke kiporo."

Njia nzima ya kurudi Mwalimu alisema neno moja tu.

"Juu."

"Kesho naanza kutafuta gari," alisema Nukta.

Na kesho yake alianza kweli. Shida yake haikuwa kuanza.

Mwaka ule soko la magari yaliyotumika lilikuwa limeingiwa na wazimu. Magari mapya hayakuwa yakiingia nchini. Sababu zilikuwa nyingi, na kila gazeti lilikuwa na yake. Basi magari makuukuu yaliyokuwa yamesahauliwa chini ya maturubai yakafukuliwa, yakaoshwa, yakapakwa weusi kwenye matairi na kupangiwa bei ambayo hata wauzaji walilazimika kuitamka wakitazama pembeni. Yaliyoongoza kwa bei ni foowili, yale ambayo magurudumu yote manne yanavuta, na Nukta alitaka foowili hasa. Miaka kumi na mmoja nyuma alikuwa amesoma prufu ya kitabu cha jiografia, na sentensi moja ilikuwa bado kichwani mwake: barabara ya Juu hupitika kwa shida, na kwa magari yenye nguvu tu. Mkato ule baada ya "shida" aliutia yeye mwenyewe.

Dalali mkubwa wa mjini aliitwa Mia-Mia, kwa kuwa hakuna gari lililowahi kukanyaga yadi yake ambalo halikuwa mia kwa mia.

"Mzee wangu, hii ilikuwa ya bibi mmoja. Sokoni na nyumbani, sokoni na nyumbani, basi."

Nukta alichungulia dashibodi. "Kilomita laki tatu na kumi. Soko lake lilikuwa mwezini?"

"Bibi alipenda kulinganisha bei, mzee."

"Na hili boksi chini ya injini?"

"La paka. Hulala hapo."

"Paka wako anavuja mafuta."

Mia-Mia alicheka, kisha akaacha kucheka. "Mzee, usichimbe sana. Gari siku hizi ni kama kiwanja. Ukirudi mwezi ujao, bei hii haitakukumbuka."

Lakini Nukta hakujua namna nyingine ya kutazama kitu. Kiwandani alizoea kusoma ukurasa kuanzia neno la mwisho kwenda la kwanza, ili maana isimlaghai. Magari nayo aliyasoma hivyo hivyo: taa za nyuma, mlango wa nyuma, springi, chesisi, mpaka afike mbele akiwa na ukurasa mzima wa daftari uliojaa wino mwekundu. Moja lilikuwa na kutu. Jingine halikuwa na kutu hata chembe, jambo lililomtia shaka zaidi. Jingine lilikuwa zima kabisa ila honi yake ililia kama mbuzi, naye akaona mtu aliyeshindwa na honi huenda kashindwa na breki pia. Binti yao alipiga simu akasema, "Baba, si mkodi tu mwende?" Nukta akamjibu kwamba gari la kukodi lina haraka ya kurudi kwa mwenyewe. Lilikuwa jibu zuri, na alilirudia mara kadhaa kwa watu wengine.

Jioni Mwalimu alikuwa akimuuliza, "Umepata?"

"Bado."

Mwezi wa tatu wa kutafuta, walipata. Daktari wa mifugo aliyestaafu alikuwa akiuza foowili yake mwenyewe, nyumbani kwake, bila dalali. Ilikuwa ya kijani, ya zamani, imepigwa na vijiti vya porini ubavuni, na mwenyewe alianza kutaja kasoro zake kabla hajaulizwa. "Dirisha la kushoto halishuki mpaka ulisukume. Kiti cha nyuma alizalia mbwa. Mlima, inapanda wowote." Bei iliingia ndani ya kiinua mgongo cha Nukta na kubakiza nafasi ya jiko. Mwalimu, aliyekuja siku ile, aliketi mbele, akaweka kiganja juu ya dashibodi kana kwamba anapima homa, akatazama kupitia kioo cha mbele mpaka mwisho wa uwanja.

"Hili," alisema.

Nukta alisoma gari kutoka nyuma mpaka mbele. Likapita. Daktari wa mifugo akaleta hati ya gari, na Nukta akavaa miwani. Namba ya injini ilikuwa sawa. Namba ya chesisi ilikuwa sawa. Kwenye nafasi ya rangi, karani fulani wa serikali alikuwa amepiga chapa, kwa herufi kubwa: KIJINI.

"Hapa pana kosa," alisema Nukta.

Daktari wa mifugo aliinama akasoma, akacheka mpaka akashika ukuta. "Miaka kumi na minane sijaliona! Kwa hiyo nimekuwa naendesha jini dogo!"

"Lazima lisahihishwe."

"Mzee mwenzangu, askari wa barabarani atakusimamisha akuhoji habari za jini?"

"Hati ni hati. Jina langu likishakuwa chini ya neno hilo, kosa ni langu."

Mwalimu alikuwa bado ndani ya gari, mlango wazi. "Kijini, kijani, mimi naliona la kijani," alisema. "Tena bado naliona. Lipia twende."

Nukta alisikia sentensi hiyo yote, na alichokisikia zaidi ni kwamba watu wanachukulia irabu kwa wepesi. Akamwomba daktari wa mifugo apeleke hati ofisini ikarekebishwe. Akaahidi kurudi na fedha zote siku itakapotoka. Ofisini walisema wiki tatu. Daktari wa mifugo hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa na mtoto wa kusomesha, na saa tisa alasiri siku ile ile alitokea mtu asiyesoma rangi za magari, akiwa na fedha kwenye mfuko wa sukari. Simu iliyoleta habari hiyo ilipokewa na Mwalimu. Alisikiliza, akashukuru, akakata, akaenda kuanua nguo. Mlango haukubamizwa. Nukta, aliyekuwa tayari na utetezi wenye hoja tatu, alikaa nao mpaka usiku ukaingia.

Baada ya hapo miezi ilipita kama inavyopita mtu akiwa na daftari. Bei zilipanda, kiinua mgongo kilibaki palepale. Magari ambayo Nukta alikuwa ameyakataa kwa dharau alianza kuyakumbuka kwa heshima, hata lile la mbuzi. Mwalimu aliacha kushona, kisha akaacha magazeti, kisha akaanza kuhesabu ngazi za mlangoni kwa mguu. Swali lake halikubadilika. "Umepata?" "Bado."

Asubuhi moja Nukta alimkuta amesimama dirishani, jua limempiga usoni kamili, hapepesi macho.

"Unaona?" alimuuliza.

"Bado," alisema Mwalimu.

Nukta alikuwa amepitia neno hilo mara elfu nyingi maishani. Alijua kwamba likiwa na kitenzi kimoja lina maana kwamba jambo linaendelea, na likiwa na kingine kwamba halijaanza. Likisimama peke yake, mwenye kusikia ajitegemee. Kwa mwandishi yeyote angeweka alama pembeni: fafanua. Hakuomba ufafanuzi. Alivaa viatu akaenda yadini kwa Mia-Mia kununua chochote.

Yadini, mstari wa mbele, limeoshwa, matairi meusi ti, lilikuwepo la kijani. Michubuko ya vijiti ilikuwa imefunikwa kwa rangi. Nukta alisukuma dirisha la kushoto, likashuka.

"Mia kwa mia, mzee. Ilikuwa ya daktari."

"Wa mifugo," alisema Nukta. "Bei?"

Mia-Mia alitazama pembeni, akaitaja. Ilikuwa mara mbili na zaidi kidogo. Nukta aliomba hati, akaisoma, akairudisha.

"Iko sawa, mzee? Kuna kaherufi kamekosewa pale kwenye rangi, lakini nani anaangalia?"

"Iko sawa," alisema Nukta, na lilikuwa kosa la kwanza aliloliachia kwa hiari yake. Fedha hazikutosha. Aliondoka.

Nyumbani alimkuta shemeji yake, mdogo wa Mwalimu, seremala, mtu wa maneno mengi, anayeendesha gari dogo jeupe lililolika kingo zote mpaka watu wakaliita Sabuni. Shemeji alikuwa ameletwa na kazi mjini na alikuwa akinywa chai ya dada yake.

"Shemeji Nukta! Bado unasahihisha magari?"

"Natafuta la kupanda Juu."

"Juu wapi?"

"Juu. Shule ya dada yako."

Shemeji aliweka kikombe chini. "Si nilikuwepo mwezi uliopita? Nimewapelekea milango."

"Kwa lori?"

"Lori la nini? Kwa Sabuni! Milango juu ya paa, nimeifunga kamba, huyo nikapanda. Kuna lami shemeji, lami mpaka getini. Kuku wanaivuka wakiringa."

Nukta alikaa. "Tangu lini?"

"Mwaka wa tatu huu. Mlikuwa hamjui?" Alimgeukia dada yake, kisha shemeji yake, na kwa mara ya kwanza tangu aoe, azae na kufungua karakana, hakupata mzaha. "Mngenipigia tu simu," alisema.

Mwaka wa tatu. Nukta hakuhitaji kalamu. Siku daktari wa macho alipotoa muda wake, lami ilikuwa imeshakauka. Ule mkato alikuwa ameutia mahali pake hasa. Barabara hakuiuliza.

Walikwenda Jumamosi iliyofuata, wote watatu ndani ya Sabuni, magoti ya Nukta yakigusa kidevu. Hakuna aliyelala njiani, jiko halikuwashwa. Safari ilichukua muda wa saa nne na nusu, pamoja na kusimama kununua ndizi. Saa nne asubuhi walikuwa uwanjani, na mawingu yalikuwa chini ya ukingo, kama Mwalimu alivyosimulia kwa miaka yote.

Mwalimu alishika ukuta mfupi wa mawe. Kwa macho yake sasa kulikuwa na mwanga, na kulikuwa na mahali pasipo na mwanga, basi.

"Niambie," alisema.

Nukta alikohoa. Hakuwahi kuandika kitu. Alikuwa amesahihisha tu. "Mawingu yapo. Yako chini yetu. Ni meupe."

"Meupe kama nini?"

"Kama pamba."

"Hiyo umewafutia watu miaka thelathini."

"Thelathini na mmoja," alisema, akatazama tena. Upepo ulikuwa mdogo. "Ni kama karatasi kabla haijaingia mashineni. Imetandikwa mpaka mwisho. Haina kosa hata moja."

Mwalimu aligeuza uso kuelekea kule alikoambiwa. "Umeruka kitu," alisema. "Kilima upande wa kulia. Hutokeza kama kisogo."

Nukta alitazama kulia. Kilikuwepo. "Nimekiruka," alikiri.

"Ningekuonyesha," alisema Mwalimu, bila ukali wowote, na Nukta akaona heri ukali.

Akaomba jiwe. Nukta akamwekea moja kiganjani, naye akalirusha kwa mkono wa mtu aliyezoea. Wakanyamaza. Halikusikika.

Nyuma yao Shemeji alipiga honi ya Sabuni. "Jamani! Mmeshaona?"

"Bado!" aliitikia Mwalimu, akanyoosha tena kiganja, na Nukta akainama kumtafutia jingine.