Mwalimu Erasmo na Samaki wa Mtwara

Mwalimu Erasmo Kapinga alifundisha baiolojia katika shule moja ya sekondari pembeni ya mji wa Mbinga. Alikuwa na miaka thelathini na mbili, mtoto wa wakulima wa kahawa, na bahari aliiona kwa mara ya kwanza alipokwenda chuo Dar es Salaam. Tangu hapo hakuacha kuizungumzia. Wanafunzi wake wengi walilijua Ziwa Nyasa, lakini alipowaeleza habari za matumbawe, wale viumbe wadogo wanaojenga miamba chini ya bahari, walimtazama kama mtu anayesimulia ndoto.

Siku moja akawaambia kidato cha pili, "Kama sisi hatuwezi kwenda baharini, bahari itakuja Mbinga."

Darasa lilipiga makofi, naye akawa ameshajifunga kwa ahadi.

Bei ya tangi la samaki la dukani hakuiweza. Alichora vipimo mwenyewe, fundi vioo wa mjini akamkatia vioo vitano na kuviunganisha kwa silikoni. Wazazi walichanga kidogo, ikapatikana pampu na taa. Maji yalitoka Mtwara. Shemeji yake, Raimundi, aliendesha lori la kahawa kwenda bandarini, na safari hiyo alirudi na madumu kumi ya maji ya bahari, pamoja na ndoo ya mawe ya baharini yaliyofunikwa kwa gunia bichi.

Erasmo alikuwa amesoma kila alichokipata kwenye simu. Alijua kwamba tangi jipya la maji ya chumvi hukaa wiki nyingi bila samaki, mpaka bakteria wanaoishi kwenye mawe waongezeke kiasi cha kuweza kumaliza sumu inayotokana na uchafu wa samaki. Kipimo cha sumu hiyo kilikuwa ghali, akakiacha. Aliona kuwa subira ingetosha. Kwenye daftari lake aliandika kwa kalamu nyekundu: *wiki sita*.

Mahafali ya kidato cha nne yaliangukia wiki ya tatu. Mkuu wa shule, Mwalimu Rosina, alipita maabara akaona mawe na maji matupu.

"Mgeni rasmi tutamwonyesha mawe?" aliuliza. Hakuuliza kwa ubaya. Erasmo alicheka, kisha akatoka nje na kumpigia Raimundi simu.

Samaki sita walifika siku ya Alhamisi ndani ya mifuko ya nailoni: wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, wanne wa buluu iliyokolea. Ijumaa asubuhi, Erasmo akiwa anapanga viti, mhudumu wa usafi alimfuata. Aliitwa Ephrasia, mama wa miaka hamsini na kitu, mzaliwa wa Mbaha kule ziwani. Shuleni wote walimwita Mama Glorious.

"Mwalimu, samaki wako juu. Wanavuta hewa."

"Wanasubiri chakula, mama."

"Kwetu samaki akikaa hivyo, ujue maji yana shida."

"Haya ni maji ya bahari, Mama Glorious," alisema Erasmo, kwa ile sauti ya upole tunayowapa watu tunaodhani hawajui. Ephrasia alichukua ndoo yake akaondoka.

Jumamosi mahafali yalifana. Watu walipanga mstari mpaka nje ya maabara. Kila aliyetaka kuwaona samaki wakiparamia chakula, Erasmo alimpa chembe atupie mwenyewe. Mgeni rasmi alimshika bega akasema hajawahi kuona jambo kama hilo mkoa mzima. Erasmo alirudi nyumbani akiimba.

Jumatatu asubuhi samaki wote sita walikuwa wanaelea, na maji yamekuwa kama maji ya kuoshea mchele.

Mwalimu Rosina aliwaita walimu ofisini. "Wazazi watauliza," alisema. "Kimetokea nini, Mwalimu Erasmo?"

Daftari lilikuwa mkononi mwa Erasmo. Jibu alikuwa nalo. Lakini walimu kumi na wanne walikuwa wanamtazama, na wengine Jumamosi walikuwa wamempigia makofi.

"Labda sabuni," alisema. "Mtu akipiga deki karibu na tangi, povu kidogo tu linaua."

Ephrasia alikuwa mlangoni, ameleta birika la chai.

"Maabara situmii sabuni," alisema. "Mwalimu mwenyewe alinikataza tangu siku ya kwanza. Mwulizeni."

Wote walimgeukia Erasmo. Maneno mawili tu yangetosha: ni kweli. Aliinamia sakafu.

"Labda ulisahau, mama," alisema.

Ephrasia aliweka birika mezani, taratibu, akatoka. Kibarua chake kiliisha mwisho wa mwezi na hakikuongezwa. Akarudi Mbaha.

Erasmo alidhani litapita. Halikupita, kwa sababu wanafunzi walilifanya utani. Aliyefeli jaribio aliambiwa ametiwa sabuni ya Mama Glorious. Mpira ukikosa goli, sabuni ya Mama Glorious. Siku aliyousikia utani huo ndani ya darasa lake, aligeukia ubao akaandika bila kujua anachoandika, akihofia wasije wakamwona uso.

Jumapili mbili kanisani alibaki kwenye benchi wenzake walipokwenda kukomunika. Mkewe, Vitalia, alimwuliza kama anaumwa. Akamweleza yote.

"Basi la kwanza la Mbamba Bay linaondoka saa kumi na mbili," alisema Vitalia.

Kutoka Mbamba Bay alichukua bodaboda kufuata ufuo. Alimkuta Ephrasia akianika usipa, vile visamaki vidogo vya ziwani, kwenye vichanja mbele ya nyumba. Miaka minne pale shuleni, mama huyu ndiye aliyekuwa akitangulia kumsalimu yeye.

"Shikamoo, mama."

Ephrasia alimalizia kwanza kichanja alichokuwa anatandaza. "Marahaba, Mwalimu."

"Nimekuja kusema kwamba sabuni haikuwepo. Niliweka samaki kabla ya wakati, na nilijua. Uliniambia, nikakudharau. Halafu nikakusingizia."

"Nilijua," alisema Ephrasia. "Nilipokuwa mlangoni nilikutazama, nikasema moyoni, huyu kijana atasema ukweli sasa hivi. Nikangoja." Alipangusa mikono kwenye kitenge. "Hata kwenye basi, nikiwa narudi huku, bado nilikuwa nangoja."

Erasmo aliokota kisamaki kilichoanguka, akakirudisha kichanjani.

"Hapa Mbaha hakuna aliyesema nimeua samaki," Ephrasia aliendelea. "Waliosema wako Mbinga. Nenda kawaambie hao."

Hakumkaribisha kukaa. Erasmo hakutegemea kukaribishwa.

Siku iliyofuata, kwenye paredi ya asubuhi, aliomba ruhusa ya kusema. Alisimama mbele ya wanafunzi mia nne, akasoma kwa sauti yale maneno ya kalamu nyekundu, kisha akasema alivyodanganya. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililomwumiza zaidi. Wangecheka angepata mahali pa kuficha macho. Mwalimu Rosina alimpa barua ya onyo, naye akaipokea kwa mikono miwili.

Kwa Ephrasia iliandikwa barua nyingine ya kumsafisha jina na kumwita arudi kazini. Alikuja siku moja, akaichukua, akamwomba mkuu wa shule aipige mhuri. Kazi aliikataa. "Nina usipa wangu," alisema.

Wakati huo tangi lilikuwa limeshatimiza wiki zake. Maji yalikuwa safi, na samaki wawili tu, walioletwa bila haraka, walikuwa wanaingia na kutoka kati ya mawe. Erasmo alimwomba aje awaone.

"Wako juu au chini?" aliuliza Ephrasia.

"Chini, mama."

"Basi ni wazima." Akafunga barua kwenye ncha ya kitenge.

Erasmo alimsindikiza hadi stendi, akimbebea mfuko. Ephrasia aliupokea mfuko, akashukuru kama anavyoshukuriwa mtu yeyote, akapanda basi na kukaa kiti cha upande wa pili, usioelekea stendi. Erasmo alibaki amesimama pale mpaka kondakta alipomwuliza kama anasafiri.