Ndege Nyekundu ya Maganga

Maganga, fundi bati wa kijiji jirani na Kolandoto, alikuwa na hasira za karibu, na ukitaka kuziona ungemsogelea tu anapopuliza rangi. Alikuwa ametengeneza ndege ndogo ya bati, dirisha kwa dirisha kama zile zinazotua Mwanza. Kila kiangazi Bagalu, kundi lake la ngoma, waliirusha juu ya vichwa vya wachezaji ili kuwavuta watazamaji wa wapinzani wao, Bagika. Mwenye watu wengi ndiye mshindi.

Tabu ni kwamba mashindano huja baada ya mavuno, msimu wa upepo na vumbi. Ukipuliza alfajiri, umande unaifubaza rangi. Ukingoja jua kali, inakauka hewani na kutua chengachenga. Kinabaki kipindi kifupi cha asubuhi, umande umekauka na moshi wa majiko bado unapanda wima. Mwaka 1973 Maganga alikikosa, ndege ikatoka na vipele, uwanja mzima ukamcheka. Aibu ile ilimnyima usingizi mwaka mzima.

Safari hii, asubuhi ya mashindano, aliining'iniza ndege uani na kujaza rangi nyekundu kwenye bomba la dawa ya mbu. Alikuwa amemaliza ubavu mmoja aliposikia kwato. Bujiku, mfuasi wa Bagika wa kufa na kupona na mume wa Melania, dada mkubwa aliyemlea Maganga, alikuwa akiswaga ng'ombe kwenye njia ipitayo palepale uani.

"Shemeji, geuza ng'ombe!"

"Njia ni ya wote, shemeji." Bujiku akacheka, akamchapa fahali.

Maganga akachomoa mchi kwenye kinu. Pigo la kwanza lilimvunja Bujiku mkono. La pili lilimpata usoni, meno yakaruka, jicho likapasuka. Ng'ombe wakatimkia porini.

Maganga akautazama moshi. Ulikuwa bado wima. Akashika bomba, akaanza ubavu wa pili taratibu. Hasira zake mtu angeweza kuzisamehe. Utulivu ule, hapana.

Melania akatokea mbio. "Maganga! Mume wangu anakufa!"

"Usikimbie," akamjibu bila kugeuka. "Unatimua vumbi."

Majirani ndio waliombeba Bujiku hadi hospitali. Akapona, na jicho moja. Jioni ile ndege iling'aa, na Bagalu wakashinda.

Melania hakumsuta kamwe. Walipokutana njiani aliinama kidogo, akasema, "Shikamoo, fundi."

Dada yake wa kumbeba mgongoni ndiye aliyemwamkia.